Kutoka Mbinga Hadi Ziwani na Masanduku ya Vyuma

Songea ilikuwa bado gizani tulipoanza kupakia. Dereva alitazama masanduku, akatazama mabegi yetu ya nguo, kisha bila kuuliza mtu akayapandisha mabegi juu ya paa na kuyakaza kwa kamba. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nguo zikilowa zinaanikwa. Kitambaa kilichofungia vifaa vya upasuaji kikilowa, vijidudu vinapenya, na kila kilichomo kinahesabiwa kuwa kichafu, hata kama tepu ya juu bado ina ile mistari myeusi inayoonyesha kwamba furushi liliingia kwenye mvuke.

Mle masandukuni ndimo ilimokuwa kazi yangu: vishikio vya visu, mikasi iliyonyooka na iliyopinda, koleo za kubana mishipa ya damu ambazo sisi huziita ateri, vishikia sindano, vyuma vya kupanulia jeraha, nyuzi, mopu na gozi zilizofungwa kwa idadi. Mimi ni muuguzi wa thieta. Ninaskrabu pamoja na mpasuaji, ninasimama ng'ambo ya mgonjwa, ninamwekea daktari kifaa mkononi kabla hajakitaja, na kila dakika lazima nijue ni vitambaa vingapi vimeingia mwilini na vingapi vimetoka. Marekani kazi hii ina watu wake waliosomea hiyo tu, na Kenya inaifundisha kama fani inayojitegemea. Kwetu Tanzania kwa kawaida huangukia kwa muuguzi, ambaye mara nyingi ameijulia palepale mezani, kwa kumtazama aliyemtangulia.

Tulikuwa tunakwenda kwenye kambi ya upasuaji, Mbinga kwanza, halafu ukanda wa Ziwa Nyasa. Tangu 2024 Watanzania wamezoea kusikia habari za madaktari bingwa wa Mama Samia wanaopelekwa kwenye hospitali za halmashauri, lakini kumfuata mgonjwa aliko ni desturi ya siku nyingi. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuwa AMREF. Wao walikuja na ndege ndogo, sisi tulikuwa na Land Cruiser yenye maili nyingi. Tatizo la safari halijabadilika. Daktari anafika na elimu yake na mikono yake, lakini bila vyuma safi, maji, mwanga na mtu wa kuvipanga hawezi kufungua hata jipu.

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kilomita mia moja hivi, zote lami. Tuliipita njia panda ya Peramiho, ambako Wabenediktini walijenga misheni yao mwaka 1898 na ambako Hospitali ya Mtakatifu Yosefu imekuwa kimbilio la wagonjwa wa kusini kwa vizazi. Kigonsera, mahali aliposoma Benjamin Mkapa akiwa kijana, kulikuwa kumepambazuka. Baada ya hapo barabara ikaanza kupinda, baridi ya Julai ikaingia kwenye mifupa, na milima ya Umatengo ikajitokeza na ngolo zake.

Niseme kidogo juu ya ngolo, maana nilimwomba dereva asimame ili nizitazame. Mmatengo analima mlima ambao mgeni angeona hata mbuzi atateleza. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kazi ya wanaume. Wanawake hufuata wakichimba udongo wa katikati na kuzifunika zile nyasi, na mteremko mzima unabaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni badala ya kuondoka na udongo, na nyasi zinaoza chini na kuwa mbolea. Maharage na mahindi yamelishwa hivyo kwa zaidi ya karne moja. Nilisimama pale muda mrefu kuliko dereva alivyopenda. Mimi kazi yangu ni mpangilio, na huu ni mpangilio wa mikono uliovuka vizazi bila mtu kutunukiwa cheti.

Mbinga mjini kahawa ilikuwa imeshaanza kuvunwa. Wodini nako kulikuwa na msimu wake. Mzee mmoja mkulima alimweleza daktari kwamba ngiri yake ilianza kabla mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa, na mjukuu huyo sasa yuko sekondari.

"Mbona umekaa nayo muda wote huo, mzee wangu?" daktari akauliza.

"Kila mwaka kahawa inakwenda kwa watoto, daktari. Zamu ya mshipa wangu haijafika."

Nimelisikia jibu la namna hiyo kwa wavuvi, kwa wakulima wa korosho, kwa akina mama wa sokoni. Ngiri inayoweza kushonwa bila haraka asubuhi moja huachwa hadi utumbo unakabwa, na hapo inakuwa mbio za usiku na maisha ya mtu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na mimi ninaitazamia kwa hamu kubwa kuliko mashine yoyote mpya ya thieta, kwa sababu ya wazee kama huyu.

Tulimpa ganzi ya mgongo, kwa hiyo alikuwa macho. Mgonjwa aliye macho anabadilisha kazi yangu yote. Anasikia. Chuma kikidondoka kwenye sinia, moyo wake unaruka, na mtaalamu wa usingizi anaona kwenye mashine. Kwa hiyo ninaviweka vyuma polepole, kimoja kando ya kingine, ncha zote zikielekea upande mmoja, vikiwa vimepangwa kwa namna vitakavyohitajika: kisu, koleo, mkasi, kishikia sindano ambacho uzi wake umeshafungwa tayari. Hatuzungumzi ovyo. Mpasuaji mzuri na muuguzi aliyemzoea wanaweza kumaliza ngiri nzima kwa maneno machache sana. Mkono unanyooshwa, kifaa kinatua kiganjani kikiwa kimegeuzwa upande wa kutumika, mkono unarudi. Katikati ya hayo mzee akauliza kutoka nyuma ya shuka, "Mmeanza?" Tulikuwa tunashona.

Jioni nilikaa na wenzangu wa pale kwenye chumba cha kutakasia vifaa. Chumba hicho hakipigwi picha na wageni, lakini ndicho ninachokikagua kwanza kila ninapofika. Tulizungumza juu ya kuchemsha. Zamani vituo vingi vilichemsha vyuma kwenye sufuria na kuridhika, na hata leo ukikatika umeme mtu hushawishika kufanya hivyo. Maji yanayochemka hayaui kila kitu. Kuna vijidudu vinavyojifungia ndani ya ganda lao, kile cha pepopunda kikiwa kimojawapo, na vinavumilia. Milimani hali ni ngumu zaidi. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu, na vilima vya juu ya Mbinga vinapita mita 1,500. Kule sufuria hububujika ikiwa kwenye nyuzi 95 hivi, nawe unadhani umefika 100. Ndiyo maana tunahitaji mvuke uliobanwa, nyuzi 121, na muda wa kutosha usiopunguzwa hata daktari akigonga mlango. Na kwenye otoklevu ndogo ya kuwekwa jikoni, saa ya presha inapima tofauti kati ya ndani na nje. Hewa ya mlimani ikiwa nyepesi, mshale unatakiwa upande zaidi kuliko ulivyokuwa unapanda Dar es Salaam. Kijana mmoja muuguzi aliyaandika hayo kwenye daftari, akapiga mstari chini yake mara mbili. Nilimpenda palepale.

Kabla ya kushuka ziwani tulipanda hadi Litembo kuisalimia hospitali ya Jimbo Katoliki la Mbinga. Njia ni ya kuzunguka vilima, na kila kona nilifikiria watu waliobebwa huku kwa machela, na saruji, na vitanda vya chuma, na meza ya upasuaji yenyewe, vyote vikipandishwa ili Mmatengo asilazimike kushuka. Hatukukaa sana, ukungu ulikuwa unafunga.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66. Mwaka 2015 tume ya wataalamu iliyoandika kwenye jarida la Lancet ilipendekeza kipimo ambacho ninakipenda kwa sababu kinaeleweka na kila mtu: mgonjwa aweze kufika ndani ya saa mbili mahali panapofanyika upasuaji wa aina tatu, yaani kumtoa mtoto kwa njia ya upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi. Saa mbili ni kwa sababu mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya muda kama huo. Wenyeji walinisimulia jinsi masika ya zamani yalivyoigeuza njia hii kuwa ya kutwa nzima, magari yakilala kwenye matope. Sasa ni lami, tukateremka tukiwa tumefungua vioo. Kwangu mimi lami hiyo ni kifaa cha upasuaji na ingestahili kuandikwa kwenye orodha ya thieta, juu kabisa ya kisu.

Masikio yanaziba, yanazibuka. Unatoka kwenye masweta na migomba, unaingia kwenye miembe na mihogo, joto linakupokea, halafu kona moja inafunguka na ziwa lote liko chini yako, buluu hadi macho yanapoishia, na ng'ambo yake ni Malawi. Uso wa maji uko karibu mita 475 juu ya bahari; kina chake kinafika mita 700 hivi. Mchana tulikula ugali wa muhogo na usipa, na daktari wetu, mtu wa Kilimanjaro, akaongeza sahani bila kuombwa.

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na pwani yake ni ndefu, vijiji vikiwa vimetandaa kando ya maji. Tulifuata ufuko kwenda kaskazini hadi Liuli. Mbele ya bandari limesimama jiwe la Pomonda, ambalo Wajerumani waliliona linafanana na sanamu ya Misri na kupaita mahali pale Sphinxhafen. Agosti 1914 manowari ya Waingereza ilitoka upande wa pili na kuishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa ufukweni kutengenezwa. Vita Kuu ikafika Nyasa hivyo. Mimi nilitaka kuiona Liuli kwa ajili ya Hospitali ya Mtakatifu Anna, ya Waanglikana, na kwa ajili ya meli nyingine kabisa. Misheni ya UMCA iliyohudumia pwani hii ilikuwa na Chauncy Maples, meli iliyoshushwa majini mwaka 1901, iliyokusudiwa kuwa shule na zahanati inayoelea. Ilijengwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi ziwani. Boila yake ilikuwa na uzito wa tani 11, haikuweza kugawanywa, na mamia ya Wangoni waliivuta kwa kamba nchi kavu. Nilisimama ufukweni nikiwaza mabega yale. Huku tiba imekuja na mvuke tangu mwanzo, na mvuke umekuja kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kazi yetu ya mwisho ilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya cha ukanda huo wa ziwa. Thieta yao ni ndogo na safi. Aliyeifanya kuwa safi alikuwa mhudumu wa afya, mama mtu mzima ambaye hakupata nafasi ya chuo cha uuguzi, na ambaye amekuwa akiosha, kukunja na kutakasa vyuma tangu baadhi ya madaktari wetu wakiwa shule ya msingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Hivi vyako vimejaribiwa?"

Nikasema vimeoshwa, vimetakaswa. Akatikisa kichwa, maana hakuwa ameuliza hivyo. Akachukua ateri moja kutoka seti yake ya mazoezi, akaibana hadi jino la kwanza tu, akaigonga kiganjani. Ikafyatuka. "Hii ikishika mshipa wa damu, itauachia usiku wa manane," akasema, akaiweka pembeni. Akachukua mkasi, akakata gozi iliyolowa kwa ncha peke yake. Mkasi mzima unakata hadi mwisho bila kuvuta nyuzi, uliochoka unatafuna. Akafanya hivyo kwa kila kimoja, huku akimwelekeza binti muuguzi aliyeletwa thieta mwezi ule. Vipimo hivyo vimo kwenye vitabu vizuri vya kazi yetu. Mama huyu alivipokea kwa sista mmoja mzee, akavitunza, na sasa anavikabidhi.

Usiku uliofuata pepo za mwera zilikuwa kali na mitumbwi haikutoka. Mama mjamzito aliletwa kwa bodaboda kwa njia ya ufukweni, amekaa katikati ya dereva na shangazi yake, uchungu ukiwa umemshika tangu jana yake na mtoto haendelei kushuka. Daktari wetu alisimama kando na kumwachia daktari msaidizi wa kituo afanye, na alifanya vizuri sana. Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi tangu miaka ya 1960. Uchunguzi uliochapishwa 2009 juu ya hospitali za Mwanza na Kigoma ulikuta kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi kule ilifanywa nao, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada. Ukitaka kujua ni nani amewaokoa mama zetu vijijini, sehemu kubwa ni mikono hiyo.

Kabla ya ganzi tulisimama. Jina la mgonjwa, upasuaji gani, mzio, damu ipo? Kabla ya kisu tukasimama tena. Orodha hii ya usalama ya Shirika la Afya Duniani inasomwa leo kote ulimwenguni, na huwa ninawakumbusha vijana kwamba ilijaribiwa kwanza kwenye hospitali za miji 8, London na Toronto zikiwamo, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Matokeo yalitolewa 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja na dakika chache za kusimama. Ifakara ilisaidia kuifundisha dunia, nasi wa Ruvuma hatuna sababu ya kuiona kama desturi ya kigeni.

Mtoto alitoka amelegea, akasuguliwa mgongo, akafyonzwa makohozi, akalia kwa hasira. Kila mtu alipumua. Umeme ukakatika muda si mrefu baadaye, tukaendelea kwa taa ya kichwani na taa ya sola iliyoshikwa na binti muuguzi. Kabla ya kufunga mji wa mimba nikahesabu mopu. Moja ilipungua. Nikahesabu tena, kwa sauti, mwenzangu ambaye hakuskrabu akihesabu zilizo kwenye ndoo. Moja ilipungua.

"Daktari, usifunge. Hesabu haijatimia."

Hii ndiyo sentensi ngumu kuliko zote katika kazi yangu. Damu inatoka, mwanga ni hafifu, wote wamechoka, na wewe unamzuia mtu aliyekuzidi cheo. Yule daktari msaidizi alisimamisha mkono mara moja, akabana palipokuwa panavuja, akaanza kupapasa tumboni taratibu. Mama mhudumu hakusema neno. Aliinama juu ya ndoo na koleo ndefu, akaanza kuinua mopu moja moja na kuitandaza sakafuni juu ya plastiki. Ya tatu kutoka chini ilikuwa nzito. Aliitenganisha: zilikuwa mbili, zimegandana kwa damu, mikia yake imejisokota pamoja.

"Imetimia," akasema.

"Imetimia," nikarudia, na uzi ukapita.

Asubuhi, mama na mtoto wakiwa wodini na shangazi akipika uji, tulikaa kwenye benchi nje ya thieta kuandika barua ya mahitaji kwenda halmashauri. Nilikuwa na neno langu moja la kusema humo, na ninalisema hapa pia: watu wa thieta wabaki thieta. Muuguzi akishazijua nyuzi na vyuma na tabia ya kila mpasuaji, ratiba ya mzunguko inamhamishia wodini au kliniki, na anakuja mwingine kuanza na jina la mkasi. Wahudumu kama huyu mama wapewe mafunzo na cheti cha kile ambacho tayari wanakifanya vizuri kuliko wengi wetu, na wapewe wanafunzi kabla hawajastaafu. Kenya wameweza kuifanya kazi hii kuwa fani yenye chuo. Sisi tunaweza.

Nilianza barua kwa kuomba seti mbili za vyuma vya upasuaji wa uzazi. Mama akaniwekea mkono begani.

"Andika kwanza tangi la maji, mwanangu. La lita elfu tano. Vyuma visivyooshwa vizuri hata mvuke hauvisaidii."

Nikaandika tangi la maji, kisha seti mbili, betri ya sola, ateri za kubadilisha zile zinazofyatuka, na mwishoni nafasi za mafunzo, nikiuliza majina. Binti muuguzi akataja lake kwa haya. Mama alisita, akasema umri wake umekwenda, tumwandike mwingine. Niliandika jina lake pia, tukasaini wote, na barua ikapanda na gari letu kurudi mlimani.